Fanicha za zamani za Ufini: mwongozo kamili wa kuchagua, kukagua, kununua na kutunza

Fanicha za mtindo wa kisasa zilizotengenezwa Ufini kati ya miaka ya 1930 na miaka ya 1970 zilibuniwa, kwa sehemu kubwa, kwa ajili ya hospitali, maktaba, shule, mabweni ya wanafunzi na nyumba ndogo za watu wa kawaida, na nyingi zilitoka viwandani kwa maelfu. Jambo hilo linapaswa kumwongoza mnunuzi kuliko jingine lolote, kwa sababu kitu kilichotoka kiwandani hubeba alama za kiwanda chake katika kila kiungo, na alama hizo husema ukweli hata pale lebo inapokuwa imebanduka au muuzaji anapokuwa ametia chumvi. Wanaoanza hukimbilia jina la msanifu na kulilipia. Mwongozo huu unakwenda kinyume: unamtaka msomaji akigeuze kiti juu chini kwanza, atazame jinsi mbao zilivyopindwa na kuunganishwa, kisha ndipo aulize ni cha nani. Umeandikwa kwa anayeishi Ulaya ya kaskazini ambako vitu hivi bado hupatikana kwa urahisi, na pia kwa anayenuia kuvisafirisha hadi nyumbani Afrika Mashariki.

Hatua ya kwanza: wajue wasanifu pamoja na viwanda vyao

Alvar Aalto (1898–1976) na mkewe Aino Aalto (1894–1949) ndio wa kuanza nao. Walipokuwa wakisanifu hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu ya Paimio, iliyokamilika mwaka 1933, waliona kuwa mabomba ya chuma yaliyopendwa na wasanifu wengi wa Ulaya wakati ule yalikuwa baridi mno kwa mwili wa mgonjwa, wakageukia mbetula, mti wa magome meupe uliotapakaa katika misitu ya nchi yao. Wakishirikiana na Otto Korhonen, aliyeongoza kiwanda cha Huonekalu- ja Rakennustyötehdas mjini Turku, walipata njia za kuupinda mti huo bila kuuvunja. Hapo vikazaliwa kiti cha mikono namba 41 kinachojulikana kama Paimio (1932), kigoda namba 60 cha miguu mitatu (1933), na baadaye kiti kipana namba 400 (1936), ambacho mara nyingi huonekana kimevikwa kitambaa cha mistari ya punda milia. Mwaka 1935 wawili hao, pamoja na Maire Gullichsen na Nils-Gustav Hahl, walianzisha kampuni ya Artek mjini Helsinki ili kuuza vitu hivyo. Aino alisimamia usanifu wa Artek tangu mwanzo na akawa mkurugenzi wake kuanzia mwaka 1941 hadi kifo chake, kwa hiyo matangazo yanayomtaja Alvar peke yake yanapunja nusu ya historia.

Ilmari Tapiovaara (1914–1999) ni wa kizazi kilichofuata, na kwa maoni yangu ndiye anayempa mnunuzi wa kipato cha kawaida thamani kubwa zaidi. Mwaka 1946 yeye na mkewe Annikki walibuni kiti cha Domus kwa ajili ya bweni la wanafunzi la Domus Academica mjini Helsinki: mgongo na makalio ya plaiwudi iliyopindwa, fremu ya mbetula, na mikono mifupi inayokiruhusu kiti kuingia karibu na meza. Kilitengenezwa na Keravan Puuteollisuus, na Marekani kilijulikana kwa jina la Finnchair. Kiti chake cha Mademoiselle cha mwaka 1956, chenye mgongo mrefu wa vijiti vyembamba, kilitengenezwa na Asko, kampuni kubwa ya fanicha ya mjini Lahti. Viti vya Fanett, ambavyo ndivyo vingi zaidi sokoni, vilitengenezwa na kiwanda cha Edsbyverken nchini Uswidi, kwa hiyo muhuri wa Kiswidi chini ya kiti cha Tapiovaara si sababu ya kukishuku. Meza, mabenchi na vigoda vya Pirkka vya mwaka 1955, vyenye mbao za msonobari juu ya miguu myeusi, vilitoka katika kiwanda cha Laukaan Puu.

Antti Nurmesniemi (1927–2003) anatosha kutajwa kwa kitu kimoja, yaani kigoda cha sauna alichokibuni mwaka 1952 kwa ajili ya hoteli ya Palace mjini Helsinki, chenye kikalio kilichochongwa kwa umbo la kiatu cha farasi ili maji yapite.

Miaka ya 1960 ilileta plastiki. Eero Aarnio, aliyezaliwa mwaka 1932, alibuni kiti cha duara kiitwacho Ball mwaka 1963, na Asko wakakionyesha kwenye maonyesho ya fanicha ya Cologne mwaka 1966. Kiti cha Pastil kikafuata mwaka 1967 na cha Bubble mwaka 1968. Yrjö Kukkapuro (1933–2025) alibuni Karuselli, kiti cha faibaglasi kinachozunguka na kubembea, kilichotengenezwa na kampuni ya Haimi kuanzia katikati ya miaka ya 1960, kisha na Avarte, na sasa na Artek.

Jina moja huwachanganya watu: Eero Saarinen alizaliwa Ufini mwaka 1910, lakini aliishi na kufanya kazi Marekani, na viti vyake vilitengenezwa huko na kampuni ya Knoll. Muuzaji anayekuuzia kiti chake kama fanicha ya Kifini anakuuzia asili ya msanifu, wala si ya kiti.

Hatua ya pili: amua matumizi kabla ya kutazama bei

Fanicha ya kukaliwa kila siku na fanicha ya kuhifadhiwa hazikaguliwi kwa macho yale yale. Kigoda namba 60 kilichochakaa, chenye mikwaruzo na rangi iliyofifia, kinafaa kabisa jikoni kwa miaka mingi ijayo, ilhali kiti cha Paimio chenye ufa mdogo kwenye mkunjo ni cha kutazamwa zaidi kuliko kukaliwa. Anayeanza na aanze na vigoda vya Aalto au viti vya Tapiovaara, kwa sababu vimo vingi sokoni, hulinganishwa kwa urahisi, na ukikosea hutapoteza fedha nyingi. Viti vya faibaglasi viachwe hadi mkono uzoee.

Hatua ya tatu: kigeuze kiti juu chini

Kwa fanicha za Aalto, sehemu yenye habari nyingi zaidi ni mguu, hasa pale unapopinda kuingia chini ya kikalio. Mguu wa kigoda namba 60 ni kipande kimoja cha mbetula kisichounganishwa, ambacho ncha yake ya juu ilipasuliwa kwa msumeno kufuata nyuzi za mbao, ikatiwa ndani ya kila mpasuo bamba jembamba la mbao lililopakwa gundi, kisha ikapindwa hadi kufikia pembe ya nyuzi 90. Ukiutazama mguu huo kwa upande, utaona mistari myembamba sambamba ikitoka chini ya kikalio, ikizunguka mkunjo, halafu ikiishia kidogo chini yake, na kuanzia hapo hadi sakafuni mbao ni nzima. Mistari hiyo inayokoma ndiyo sahihi ya mguu wa Aalto. Mguu ambao umegandishwa kwa tabaka toka juu hadi chini umetengenezwa kwa njia nyingine, na mfano unaojulikana sana ni kigoda cha Frosta kilichouzwa na IKEA, ambacho wauzaji wasiojua, na wengine wanaojua, hukitangaza kama kazi ya Aalto.

Zipo tofauti halali ambazo hazipaswi kukutisha. Wakati wa vita na miaka michache iliyofuata, vifaa vilipoadimika, kiwanda kilitengeneza miguu iliyounganishwa kwenye kona kwa meno yanayoingiliana kama vidole vya mikono miwili, badala ya kupindwa. Miguu hiyo ni ya Artek kikweli, na wakusanyaji huitafuta. Vilevile vipo vigoda vya miguu minne, namba E60, vinavyotoka kiwandani hapo hapo. Aalto aliuendeleza mguu wenyewe pia: kuanzia miaka ya 1940 kulikuwa na mguu uliounganishwa kwa umbo la herufi Y, na mwaka 1954 mguu uliotandazwa kama upepeo kwenye kigoda namba X600.

Baada ya mguu, chukua futi kamba. Kigoda namba 60 kina kimo cha sentimita 44, na kipenyo cha kikalio hukaribia sentimita 35 kwa vya zamani na 38 kwa vya sasa. Kigoda kilichopungua kimo kwa sentimita 2 au 3 kimekatwa miguu, pengine kwa ajili ya watoto wa shule ya chekechea au kuondoa sehemu iliyooza, na hakuna ukarabati utakaourudisha urefu ule. Kisha tazama skrubu. Zenye mfereji mmoja huashiria umri mkubwa kuliko zenye msalaba, ingawa skrubu hubadilishwa kwa urahisi. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni matundu ya ziada yanayoonyesha kwamba mguu umewahi kung'olewa na kufungwa mahali pengine, au kwamba kikalio na miguu vimetoka kwenye vigoda viwili tofauti.

Uchakavu wa kweli una mantiki yake. Vigoda vya miguu mitatu hupangwa kimoja juu ya kingine kwa mzunguko, kwa hiyo vilivyotumika shuleni au maktabani huwa na mikwaruzo inayojirudia kwenye miguu na chini ya kikalio, mahali ambapo kimoja kiligusa kingine. Mbetula iliyopigwa na mwanga kwa miaka hugeuka rangi ya asali, lakini sehemu iliyojificha chini ya kikalio hubaki nyeupe zaidi. Kiti chenye rangi ya asali sawasawa kila upande, ndani na nje, kimepakwa rangi hiyo au kimepigwa msasa kisha kikapakwa upya.

Kwa viti vya Tapiovaara, tazama plaiwudi ya kikalio kwa ukingo wake: tabaka ziwe zimeshikana, bila kuachia kwenye pembe. Kwenye Mademoiselle na Fanett, shika kila kijiti cha mgongo na ukizungushe taratibu, kwa kuwa kijiti kinachozunguka hakijashikwa na gundi tena. Kwenye viti vya faibaglasi, elekeza tochi kwa ubavu juu ya gamba: nyufa nyembamba zinazosambaa kama utando wa buibui zinaweza kuvumilika zikiwa juu juu, lakini ufa unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, hasa karibu na mguu wa chuma, ni wa kukufanya urudishe pochi mfukoni.

Hatua ya nne: soma mihuri na lebo, bila kuzitegemea

Fanicha za Aalto zilizouzwa Uingereza katika miaka ya 1930 zilipitia kampuni ya Finmar, na lebo yake chini ya kiti ni dalili nzuri ya kipindi cha kabla ya vita. Kuanzia katikati ya miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1950, fanicha za Aalto zilitengenezwa pia mjini Hedemora, Uswidi, na hizo huwa na muhuri unaoutaja mji huo. Vipo pia vitu vingi halisi visivyo na alama yoyote, kwa sababu lebo za karatasi hubanduka na mihuri ya wino hufutika kwa msasa. Mihuri ya taasisi, kama namba ya chumba au jina la shule lililochomwa kwenye mbao, wengine huiona kuwa dosari. Mimi naiona kuwa bora kuliko lebo, kwa sababu hakuna mghushi anayejisumbua kuighushi. Lebo mpya inayong'aa juu ya mbao kuukuu ndiyo ya kushuku kwanza.

Hatua ya tano: pima uimara

Fanicha ya miguu minne iliyolegea hujitangaza yenyewe kwa kuyumba. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi kamwe, hata kwenye sakafu isiyo sawa, na kwa hiyo huweza kuficha ulegevu wake. Kishike kikalio kwa mkono mmoja, shika mguu kwa mkono mwingine, usukume ndani na nje. Mguu unaocheza kwa sababu ya skrubu hukazwa kwa dakika moja. Ukicheza kwenye mkunjo wenyewe na mistari ya mbao ikifunguka na kufumba, gundi ya ndani imekufa, na hiyo ni kazi ya fundi. Kwa kiti cha Paimio na namba 400, pitisha ukucha juu ya mikunjo yote, ndani na nje, kwa sababu uzito wote wa mkaaji hupita hapo. Mwisho, finya sponji: ya zamani hukauka na kugeuka unga, na unga ukimwagika chini ya kiti jumlisha gharama ya kushona upya katika bei yako.

Hatua ya sita: nunua mahali panapofaa

Mjini Helsinki, Artek yenyewe ina duka la vitu vilivyotumika linaloitwa 2nd Cycle, lililofunguliwa mwaka 2011, ambalo hununua vigoda na viti kutoka shule, hospitali na nyumba za watu kisha kuviuza. Bei yake ni ya juu, lakini ni shule nzuri ya bure: nenda uvishike, uvigeuze, uzoeshe macho, kabla ya kununua kwingine. Nyumba ya mnada ya Bukowskis huuza vitu vyenye maelezo na picha, na ada ya mnunuzi huongezwa juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotangazwa mnadani, kwa hiyo panga kikomo chako ukiwa umeshaihesabu. Bei nafuu zaidi zimo kwenye masoko ya vitu kuukuu, ambayo Wafini huyaita kirpputori, na kwenye tovuti ya matangazo ya Tori.

Anayetafuta kwa Kifini hupata vingi kuliko anayetafuta kwa Kiingereza, kwa kuwa muuzaji anayemwaga vitu vya bibi yake hatajisumbua kutafsiri. Andika jakkara kwa kigoda, tuoli kwa kiti, nojatuoli kwa kiti cha mikono, keinutuoli kwa kiti cha kubembea, pöytä kwa meza, na koivu kwa mbetula. Neno kunnostettu linamaanisha kimekarabatiwa, nalo ni la kukufanya uombe picha za kabla ya ukarabati. Katika mawasiliano, omba kwa adabu picha nne: chini ya kikalio, mkunjo wa mguu kwa ubavu, muhuri au mahali ulipopaswa kuwa, na dosari kubwa kuliko zote. Muuzaji mwema hutuma zote siku hiyo hiyo.

Hatua ya saba: karabati kwa kujizuia

Kosa kubwa linalofanywa na watu wenye nia njema ni msasa. Ukiipiga mbetula msasa unaondoa ile rangi ya asali iliyochukua miongo kuiva, unafuta muhuri, na kwenye plaiwudi unaweza kuitoboa tabaka ya juu, ambayo ni nyembamba mno. Anza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni laini, ukifuta kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha kausha mara moja. Vikalio vya linoleamu visisafishwe kwa sabuni kali au magadi, kwa kuwa linoleamu hutengenezwa kwa mafuta ya kitani na vitu hivyo huyala. Rangi ya zamani inayobanduka isikwanguliwe ikiwa kavu, maana huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Tabaka zilizoachana hutibiwa kwa gundi ya mbao inayoingizwa kwa bomba la sindano, kisha kubanwa kwa klampu zilizowekewa vipande vya mbao laini ili zisiache alama, na kuachwa kwa saa 24. Usitumie misumari, hata midogo. Gamba la faibaglasi lililofifia hung'arishwa kwa dawa laini ya kung'arishia magari, lakini lisipakwe rangi mpya kama kiti unanuia kukiuza siku moja. Unapobadilisha kitambaa, hifadhi kipande cha kile cha asili kwenye bahasha iliyobandikwa chini ya kiti, pamoja na risiti.

Hatua ya nane: safirisha na uzoeshe hali ya hewa

Kabla ya kutoa kitu nje ya Ufini, uliza Museovirasto, idara ya taifa ya urithi, kama kinahitaji kibali. Kiti chenye mbao za mrosewood wa Brazili, ambao baadhi ya viwanda vya Ulaya ya kaskazini viliutumia katika miaka ya 1960, kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mti huo umewekwa kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, tangu mwaka 1992, na bila karatasi huweza kutaifishwa bandarini. Kreti ya mbao iwe na muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha vifungashio vya mbao, kuonyesha kuwa imetibiwa dhidi ya wadudu.

Fungua miguu ya vigoda, uandike alama kwa penseli kwenye kila mguu na mahali pake, na uweke skrubu za kila mguu peke yake, kwa kuwa matundu hayalingani kikamilifu. Funga kwa karatasi au blanketi kwanza. Nailoni ikigusa mbao moja kwa moja ndani ya kontena lenye joto hukusanya jasho na kuacha madoa meupe kwenye vanishi.

Nyumba za Ufini hupashwa joto majira ya baridi, na hewa ya ndani huwa kavu sana, ilhali pwani ya Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam ina unyevu wa asilimia 70 na zaidi kwa muda mwingi wa mwaka. Mbao zilizokaa katika ukavu ule kwa miaka zitavimba. Kifikapo, kiache kiti ndani ya karatasi yake kwa wiki mbili kwenye chumba chenye kivuli na hewa inayopita, mbali na kiyoyozi, kisha kikusanye bila kukaza skrubu hadi mwisho. Zikaze baada ya mwezi. Mbetula haina kinga dhidi ya mchwa kama mninga au mvule ilivyo, kwa hiyo miguu isisimame juu ya sakafu yenye unyevu, na chini ya kikalio pakaguliwe kwa tochi kila baada ya miezi michache, hasa kwenye matundu ya skrubu ambako mbao haina vanishi.